Flashi Tatu za Bi Chapa

Wifi yangu ni karani wa shule ya msingi, na kazi hiyo ameishika mwaka wa ishirini na saba sasa. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Watoto wa shule wanamwita Bi Chapa, jina alilolipata enzi za mashine ya chapa, ile ya chuma, iliyokuwa ikisikika mpaka uwanjani. Mashine ilipelekwa stoo, kompyuta ikaingia, lakini jina halikutoka. Walimu wakibishana juu ya jambo lolote la shule, mwisho husema twende kwa Bi Chapa, kwa kuwa hakuna karatasi ya shule ile ambayo haikupita kwenye vidole vyake.

Mimi napika chai na kufagia hapohapo. Kazi alinitafutia yeye, mwaka mume wangu alipoumia mgongo, na hajawahi kuacha kunikumbusha. Si kwa ubaya. Wifi ana ulimi wa msasa, nilipoolewa nilikuta umeshakwaruza wengi. Nikimpelekea kikombe, huchungulia ndani kwanza, kisha huuliza kama majani yaliingia kwenye sufuria au yalipita mlangoni tu yakatoa salamu. Nacheka. Mawifi wasiotupiana vijembe, ujue kuna kitu wanafichana.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, na miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Hachapi akitazama vidole. Macho yako kwenye karatasi na vidole vinajiendea, kama mtu anayesuka nywele huku akiongea na jirani. Akikosea herufi moja kwenye barua hairekebishi kwa wino mweupe, anatoa karatasi nyingine. Kila kitu chake kina mahali: stepla kulia, muhuri kushoto, faili la uhamisho chini ya faili la mahudhurio. Ukiisogeza stepla upana wa kidole kimoja, atajua ni wewe. Mimi pale napiga deki kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Muhula uliopita kompyuta yake ilianza kuchoka. Ulikuwa ukiiwasha kengele ya kwanza inapopigwa, inakuwa tayari watoto wanapotoka mapumziko. Kisha ikawa inaleta ujumbe kwamba ni ya zamani mno, haiwezi kupokea mfumo mpya. Wifi akawa anaufunga ujumbe ule kila asubuhi kama anavyofukuza nzi. Jumatatu moja nzi hakuondoka. Mashine ikawaka, kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo, kikazunguka mpaka saa nane mchana.

Mwalimu Mkuu alikuwa mgeni, ana miezi mitatu tu. Ni mtu wa heshima, hajawahi kunipita bila salamu, na sauti yake ni ya chini. Tabu ya watu wa sauti ya chini ni kwamba huwezi kujua wakati wanapokushauri na wakati wanapokuhukumu. Alisimama mlangoni siku ileile, akasema ripoti za wanafunzi wote mia mbili na sitini ziwe mezani kwake Ijumaa saa sita mchana, maana wazazi wameshaitwa. Ofisi ikishindwa, kazi zote za kuchapa zitahamia duka la stesheneri lililo ng'ambo ya barabara, na zitabaki huko. Karani atapewa funguo za stoo, atunze mafagio, ndoo na chaki.

"Hii si adhabu, mama," akasema. "Ni mpango tu."

Stoo yetu haina dirisha. Wifi alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Nilingoja amjibu, maana hajawahi kuachia neno la mtu lianguke chini bila kulidaka, lakini alinyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne asubuhi alimwita Fundi Waya. Huyu ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, anatengeneza simu na kompyuta sokoni, na bisibisi zake anaziweka kwenye kasha la miwani. Alisoma shuleni kwetu, na barua yake ya kumaliza shule ilichapwa na wifi, kwa hiyo mbele yake hukaa wima kama yuko mstarini. Aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akasikiliza. Akasema haijafa. Mafaili ya zamani yamo ndani, mazima, ila mfumo uliomo umekuwa mzigo kwa umri wake. Dawa ni kuipa mfumo mwingine, Linux, ambao ni wa bure na haudharau wazee.

Wifi akamwambia basi auweke, anangoja nini.

Fundi akakuna kichwa. Akasema Linux si moja. Kitambaa ni kimoja lakini mafundi cherehani ni wengi, kila mmoja anashona kwa mtindo wake na kulipatia gauni jina lake. Kisha kuna ile sura unayoiona ukishawasha, ambayo wao wanaiita desktop. Hiyo ndiyo mshono wenyewe: mifuko iko wapi, vifungo viko wapi. Mtu anayeanza akishonewa mshono usiomfaa, atalichukia gauni zima.

"Mimi nataka mifuko iwe pale mikono yangu ilipozoea," wifi akasema.

Ndipo Fundi akatoa flashi tatu, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Nyekundu ilikuwa na Ubuntu. Ya kijani ilikuwa na Mint, na desktop yake inaitwa Sinamoni, na mimi nilipojua kuwa maana yake ni mdalasini nikasema afadhali hiyo nitaielewa. Ya buluu ilikuwa Mint hiyohiyo, ila desktop yake ni nyingine, nyepesi, jina lake herufi tupu zisizosomeka kama neno, yenye kipicha cha panya. Akasema zinawaka kutoka kwenye flashi yenyewe, hazigusi kitu ndani ya mashine. Mama ajaribu moja moja, akichoka azime, achomoe, achomeke nyingine. Yeye alikuwa ameitwa kutengeneza kompyuta za zahanati fulani mbali kidogo, atarudi Alhamisi jioni, aambiwe ipi imependwa, ndiyo aiweke ya kudumu.

Alisema ukweli mtupu. Lakini yeye alikuwa na picha ya mtu anayefungua hiki na kufunga kile, kama tunavyoipapasa redio mpya. Hakumjua wifi. Wifi hajawahi maishani mwake kukaa mbele ya mashine akacheza. Kwake kujaribu jembe ni kwenda kulima.

Alianza na nyekundu. Ilipendeza, sitasema uongo. Ilikuwa na upau umesimama ubavuni kushoto, na picha kubwa kubwa. Lakini mkono wa wifi ulishuka pembeni chini kushoto, ambako miaka yote amebonyeza pakafunguka, ukakuta hapana ulichokizoea. Akabonyeza pengine, kurasa zote zikanywea zikawa ndogo kama stempu, akadhani ameharibu, akaondoa mikono akaiweka mapajani. Na mashine yetu, bibi kizee yule, ilikuwa ikihema kwa feni mpaka kwenye korido ilisikika. Kabla ya mapumziko akaichomoa.

Ya kijani ilikuwa na kitufe chake pale chini kushoto. Wifi akapumua. Akafungua pa kuandikia, akaanza kuchapa, na hapo nikaona kidevu chake kinapanda. Kwa mwendo wa vidole vyake, mashine ilikuwa haimwahi. Akimaliza kuandika jina zima, kwenye kioo bado ni nusu, kisha mengine yanakuja yote kwa mkupuo. Akasema ni kama kuongea na mtu anayeng'aka "eti?" kila ukimaliza sentensi. Labda kwenye mashine changa isingekuwa hivyo. Kwa yetu, ilikuwa hivyo.

Ya buluu haikuwa na urembo. Kijivu kingi, mstari chini, kitufe kushoto, basi. Wifi akachapa sentensi moja, akaitazama. Akachapa nyingine upesi zaidi, kama anayeitega. Herufi zikawa zinatua palepale kidole kinapotua. Kengele ya kufunga ilikuwa imeshalia, akaitoa bahasha ya alama za darasa la kwanza akaiweka tayari kwa kesho.

Jumatano kutwa alichapa. Nilipita kuosha vioo, nikapita kuchukua vikombe, nikapita bila sababu, nikamkuta katika mkao uleule. Kufika saa kumi jioni alikuwa ameshamaliza darasa la kwanza mpaka la nne, ripoti mia na arobaini na tatu, kila moja na alama za masomo sita na maoni ya mwalimu. Alizihifadhi kwenye folda aliyoipa jina RIPOTI kwa herufi kubwa. Shuleni kuna amri kwamba kila kitu cha umeme kizimwe na kung'olewa kabla ya kufunga, tangu birika liliposahauliwa likaunguza pazia. Akazima. Kioo kikamwandikia atoe flashi kisha abonyeze kitufe. Akatoa, akabonyeza, akang'oa waya, tukaenda nyumbani. Njiani alinichokoza kuhusu viatu vyangu, nikajua moyo wake umetulia.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa koridoni na ndoo. Nikamsikia ananiita, si kwa nguvu.

"Wifi. Ingia ufunge mlango."

Kioo kilikuwa kimewaka, kijivu, kisafi. Hakukuwa na folda. Alikuwa ameshatafuta kila mahali anapopajua. Akachomoa ya buluu akachomeka ya kijani, labda zimehamia huko, kisha nyekundu, kisha akarudi buluu. Mikono ile ambayo sijawahi kuiona ikikosea ilishindwa kuingiza flashi kwenye tundu mara mbili. Akampigia Fundi, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

Fundi akauliza, taratibu sana, "Mama, kwani ulikuwa unafanyia kazi humo?"

"Sasa ulitaka nifanyie nini? Maombi?"

Akaeleza. Ile ilikuwa ya kuonja tu. Chochote unachokiweka humo kinakaa kwa muda mashine inapokuwa macho, hakiandikwi popote. Ukizima, kinaondoka na umeme.

"Chote?"

"Chote, mama. Nisamehe, nilipaswa kukwambia."

Akasema hatangoja jioni, anapanda gari la kwanza, saa saba atakuwa hapo. Wifi akakata simu, akaiweka mezani kifudifudi, akairekebisha iwe sambamba na ukingo wa meza.

Sasa, Mwalimu Mkuu alikuwa amesema atapita saa nne kuziona za darasa la kwanza. Ilikuwa inakaribia saa mbili. Wifi akanitazama, kisha akaitazama ndoo yangu, na nikaona wazo likimjia kama unavyoona wingu likija.

Akasema mimi ndiye nifagiaye humo. Nikisema niling'oa waya kwa bahati mbaya wakati anafanya kazi, kila kitu kikapotea, nitakaripiwa, basi. Mimi hawawezi kunipeleka stoo, stoo ndiko ninakoshinda. Yeye wanaweza. Ni neno moja tu.

Nilikuwa nimeshika mpini wa deki kwa mikono miwili.

"Kazi hii alikutafutia nani?" akauliza. Maneno hayo nimeyasikia mara mia, na mara zote yalikuwa na kicheko nyuma yake. Safari hii nyuma hapakuwa na kitu.

Mimi ni mtu wa sala. Kila alfajiri kabla sijawasha jiko la shule humwomba Mungu aulinde mdomo wangu, na nilidhani naomba kuhusu umbea. Nikatoka nikaenda kuchemsha maji. Nilikuwa naona mgongo wa mume wangu, naona watoto walivyokula kwa kazi hii, naona wifi ameketi gizani kati ya mafagio, mtu aliyeshindwa kuivumilia hata stepla iliyokaa upande. Nikasema, Mungu wangu, ukinipa njia ya tatu nitaishika. Maji yakachemka. Njia sikuiona.

Saa nne kamili nilikuwa nimemletea kikombe, na nyuma yangu nikasikia viatu vya Mwalimu Mkuu. Akaingia, akatusalimu sote wawili, akauliza za darasa la kwanza ziko wapi.

Wifi akanitazama. Nikafungua mdomo. Naapa sijui ulikuwa unataka kutoa nini, na mpaka leo nikijiuliza sipati jibu, Mungu peke yake anajua.

"Hazipo," wifi akasema. "Jana nilichapa mia na arobaini na tatu kwenye mfumo wa majaribio. Nikazima mwenyewe. Zimepotea zote, na aliyezipoteza ni mimi."

Nilifunga mdomo. Mwalimu Mkuu akazitazama zile flashi tatu zilizopangwa mezani, nyuzi zake zimeelekea upande mmoja.

"Mchagua jembe si mkulima, Mama Karani," akasema kwa sauti yake ileile. "Siku ya tatu hii mnachagua."

"Anayesema hivyo hajalima kutwa na mpini uliopasuka."

Mwalimu Mkuu hakukasirika, au kama alikasirika alikaa na hasira yake. Akasema saa sita kesho ni saa sita kesho, na kwamba atapita dukani kuwaambia wakae tayari. Akatoka, na kwa adabu yake akaufunga mlango bila kishindo.

Wifi hakunitazama usoni kwa muda. Kisha akaburuta kiti cha wageni, akakigonga mara mbili kwa kiganja.

"Kaa. Unasoma tarakimu, si ndiyo?"

Nilimaliza darasa la saba, tarakimu nazisoma. Mpaka saa saba tulipanga karatasi zote za alama, maana kila mwalimu alikuwa ameandika kwa mpango wake, huyu hisabati mbele, yule nyuma. Niliziandika upya kwa penseli katika mfuatano mmoja ili nitakapokuwa namsomea asisimame. Siku hiyo walimu walijipakulia chai wenyewe. Mwalimu wa darasa la tano alikuja kuuliza sukari iko wapi, akatuona tulivyoinama, akarudi bila sukari.

Fundi aliingia saa saba na robo, shati limelowa mgongoni. Aliomba radhi tena. Kisha, labda ili kulipa kosa, akasema atamwekea ile nyekundu, kwa kuwa ndiyo mpya kuliko zote, na wengi wanaanzia hapo, na hata Mkuu akiingia ataona ofisi ya kisasa. Hii ya buluu, akasema, ina sura ya posta ya zamani.

"Fundi, mimi sitafuti mchumba," wifi akasema. "Natafuta pa kuketi niandike."

Akajaribu kumweleza kwamba atazoea, wiki mbili tu. Wifi akamwambia hana wiki mbili, ana saa ishirini na tatu. Na zaidi ya hilo, akasema, jana kutwa nzima hakukumbuka hata mara moja kwamba yuko kwenye mashine ngeni. Mkono ulishuka, ukakuta. Kidole kikagonga, herufi ikatua. Chombo kinachojisahaulisha namna hiyo ndicho chombo. Fundi akatazama chini, akaichukua ya buluu.

Akaunganisha diski yake, akanakili mafaili yote ya zamani. Kisha akaanza kuweka, na kioo kikauliza kama kifute kila kitu kilichomo. Fundi alipopeleka kidole, wifi akamshika kifundo cha mkono.

"Kwanza nionyeshe kwamba yako kwako. Fungua matatu, nitakayokutajia mimi."

Akataja daftari la walioandikishwa, akataja orodha ya waliohama, akataja barua moja ya miaka kumi iliyopita ambayo alijua ina mistari kumi na minne. Fundi akayafungua kwenye kompyuta yake ndogo, moja moja. Wifi akahesabu mistari ya ile barua. Ndipo akamwachia mkono.

Mstari wa maendeleo ulikwenda kama konokono dakika ishirini na tano. Mimi niliomba kimoyomoyo, yeye hakupepesa. Ulipofika mwisho na mashine ikawaka yenyewe, bila flashi, Fundi akatabasamu akataka kuinuka. Wifi akaketi, akachapa ripoti moja, ya mtoto wa kwanza wa darasa la kwanza. Akauliza ihifadhiwe wapi, akaonyeshwa, akahifadhi.

"Zima."

"Mama, hii sasa ni ya kudumu, hakuna haja ya..."

"Zima. Na waya ng'oa."

Ikazimwa. Waya ukang'olewa. Tukakaa tunakitazama kioo cheusi, watu wazima watatu, tukijiona humo. Ikachomekwa, ikawaka. Ripoti ilikuwepo. Wifi akaifungua akaisoma yote mpaka jina la mwalimu, kama mtu anayekagua mtoto aliyerudi safari. Fundi akaongeza herufi za kioo ziwe kubwa, akaunganisha printa, mashine ikaitambua yenyewe, akaacha na flashi ya nne tupu ili kila darasa likiisha apeleke nakala huko. Yote aliyafanya bila kukaa.

Kuanzia hapo nilikuwa nasoma naye anachapa. Jina, hisabati, lugha, sayansi, maoni. Nikikohoa, ananingoja kidole kiko juu. Tulikwenda mpaka saa kumi na mbili jioni, mlinzi alipokuja na funguo, tukawa na mia na kumi na tisa. Ijumaa tulikuwa getini kabla ya mlinzi kuondoka.

Saa tano na nusu wazazi walianza kuingia uwanjani, wakaketi kwenye mabenchi ya darasa. Printa ilikwama mara mbili, mara zote mbili wifi akaivuta karatasi bila kusema neno baya, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angetukana. Saa sita juu ya alama Mwalimu Mkuu akaingia. Ripoti za darasa la kwanza mpaka la sita zilikuwa zimepangwa mezani. Za la saba zilikuwa zimebaki ishirini na tatu.

Hakuketi. Alichukua rundo, akaanza kufunua, si kwa kupitisha macho, alikuwa anasoma. Nilijua anatafuta kosa. Wifi pia alijua. Akafunua nyingine, akafunua nyingine.

"Nilisema zote," akasema.

"Ulisema zote," wifi akajibu. Hakuomba. Hakusimamisha vidole wala hakuinua macho. Mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kusoma.

"Soma, wifi," akaniambia.

Nikasoma. Mbele ya Mwalimu Mkuu, kwa sauti yangu ya jikoni, nikataja jina la mtoto, hisabati sitini na mbili, lugha sabini, naye akachapa. Nikasoma wa pili. Nikaibana karatasi kwenye meza. Mwalimu Mkuu akasikiliza watoto wawili, akasikiliza na wa tatu. Kisha akakumbatia marundo yale kwa mikono miwili, akatoka. Tulimsikia uwanjani akiwaambia wazazi kwamba wataitwa kwa utaratibu, kuanzia darasa la kwanza kwenda juu, na wa darasa la saba wawe na subira kidogo.

Ya mwisho ilitoka kwenye printa saa sita na dakika arobaini na tano. Nilizipeleka mimi, bado zina joto. Alizipokea bila kunitazama, akaendelea kuongea na mzazi. Alipowaaga wote akapita mbele ya ofisi moja kwa moja mpaka getini.

Hakuna aliyetuambia kitu. Jioni ile wifi alikusanya vitu vyake vyote vya mezani akavitia kwenye mfuko wa kubebea, akasema kama ni kuhama ahame kwa mikono yake, asihamishwe. Jumapili nilimwona kanisani, amekaa mbele, hakugeuka hata mara moja.

Jumatatu alikuja na mfuko uleule, akauweka miguuni bila kuufungua. Mimi nilikuwa nachelewesha deki makusudi. Saa mbili na nusu Mwalimu Mkuu akaja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, imekatwakatwa kwa kalamu nyekundu. Ni barua kwa wazazi, akasema, anaihitaji kabla ya mapumziko.

Wifi aliipokea kwa mikono miwili. "Nakala ngapi?"

"Mia mbili na sitini."

Akatoka. Tulisikiliza viatu vyake mpaka mwisho wa korido. Wifi akauinua mfuko akauweka mezani, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Katikati akasimama.

"Wifi," akasema, "lile nililokuomba siku ile..."

"Chapa barua," nikamwambia. "Mapumziko hayo yanakaribia."

Akanitazama juu ya miwani, akaona sina lingine, akawasha mashine.